Kioo cha sola: mtuambie kwanza ukubwa wake

Mhariri,

Makala yenu juu ya madirisha ya kuzalisha umeme imetaja ufanisi wa asilimia 7.1, yaani sehemu ya nishati ya jua inayogeuka umeme. Takwimu hiyo ni ya kweli, ila msomaji hakuambiwa imepimwa kwenye nini. Ni rekodi iliyowekwa Uholanzi mwaka 2008, ikatoka kwenye kipande cha sentimita 5 kwa 5, chenye unene wa milimita 5, kilichozungushiwa seli za sola za galiamu-asenidi pande zote nne, na nyuma yake pakawekwa ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Dirisha halina ubao nyuma.

Ishike juani rula ya plastiki ya rangi ya chungwa inayong'aa, zile za wanafunzi. Uso umefifia, kingo zinawaka. Kioo cha sola hufanya kazi vivyo hivyo: rangi iliyomo humeza mwanga na kuutoa kila upande ukiwa na rangi nyingine. Katika akriliki, plastiki angavu kama kioo, kama robo tatu ya mwanga huo hunaswa ndani na kukimbilia kingoni, ambako ndiko seli hupangwa.

Shida ni ukubwa. Kipande kile kina uso mara 2.5 tu ya kingo zake. Dirisha la mita 1 kwa 1, unene milimita 6, ni kama mara 42. Mwanga unasafiri mbali, na njiani humezwa tena na rangi ileile. Kila unapotolewa upya, robo huvuja nje. Ukishatolewa mara 4, kilichobaki hakifiki theluthi, hata kama rangi yenyewe haipotezi chochote. Kuongeza rangi hakusaidii: molekuli zake zikisongamana, nyingi huzimana. Ndiyo maana watafiti wanazipenda molekuli zinazong'aa zaidi zikikusanyika, zilizoelezwa Hong Kong mwaka 2001, hasa zenye pengo kubwa kati ya rangi ya mwanga zinaoumeza na ya ule zinaoutoa, ili zisiumeze tena.

Kuhusu polima endelevu, yaani plastiki zinazosemwa kuwa rafiki kwa mazingira, tusidanganyike na neno. Selulosi, itokanayo na mimea, hufyonza unyevu na kuvimba, uso ukapoteza unyoofu na mwanga ukavuja. Lignini, iliyomo kwenye mbao, ina ukahawia wake unaokula mwanga. Sisi tunaona akriliki iliyorejelezwa ina hoja nzito zaidi: ikipashwa joto la nyuzi 400 hivi hurudi kuwa kimiminika chake cha awali, kikakenekwa na kutumika upya.

Huku kwetu pwani jua la adhuhuri liko utosini, dirisha lililosimama wima hulikosa. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio wa kufikiria, na paneli ya kawaida ibaki juu ya paa. Usafi ni sabuni na kitambaa laini. Spiriti hupasua akriliki nyufa ndogondogo.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha sentimita 10, funika nusu kwa karatasi ya alumini, kiache juani miezi 3. Ukifunua ukaona mstari, rangi inakufa. Muuzaji aeleze oksijeni, inayosaidia kuiua rangi, ameizuiaje kuingia.

Wasomaji wenu,
Tanga