Wanangu wa Ijumaa jioni, bia yenu anailipa nani?

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mabinti mnaotoka saluni, maduka ya Kariakoo, vibanda vya uwakala na maofisini, mkapitia grosari Ijumaa jioni kabla ya kurudi nyumbani. Pia nyinyi mnaowahudumia hao. Nimeuza bia Tabata mpaka magoti yalipogoma, na wanangu wamesoma kwa faida ya makreti, kwa hiyo mdomo wa kuwahubiria kwamba pombe ni dhambi sina. Masheikh na wachungaji wapo. Langu ni hesabu, maana nimekaa upande wa kaunta ambao nyinyi hamuuoni.

Nianze na ofa. Mabinti watatu wakiingia mapema, mwenye grosari anayeijua kazi yake anawakalisha meza ya mbele, ile inayoonekana barabarani. Hawajaagiza hata soda, na tayari wameshamwingizia pesa: bwana anayepita akiiona meza ile anakata kona. Ndiyo maana kumbi kubwa zina usiku wa kina dada, kiingilio bure, kinywaji cha kwanza bure. Kiingilio hicho kimelipwa, ila aliyekilipa ni mwanamume aliyekuja kwa sababu mmo ndani, na yeye ana hesabu zake. Kwetu chupa tupu haziondolewi mezani, ili bili isije ikabishaniwa. Nimewaona mabwana wakizitazama zile chupa mbele ya binti kama mtu anayesoma risiti. Zikifika nne, ndipo anapouliza, "Hivi unakaa wapi?"

Bia nne hazinunui mtu, na anayedhani zinanunua, kosa ni lake, si la binti. Wapo pia wanaonunua kwa furaha ya mwisho wa mwezi, wakaaga na kwenda zao. Lakini ukija baa huna nauli ya kurudi, umeshakopa kabla hujavuta kiti. Mwenye nauli yake anasema "Asante kaka, nimetosheka", anabeba mkoba. Asiyenayo anasubiri mpaka mwingine atake kuondoka. Na chupa ifunguliwe mbele ya macho yako, hata kama anayekununulia mnafahamiana.

Sasa tumtazame anayejilipia. Tuseme bia ni 2,500, anakunywa tatu Ijumaa na tatu Jumamosi: 15,000. Weka chipsi kuku, weka bodaboda ya usiku kwa kuwa daladala zimeshalala, huikosi 25,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni 1,300,000. Aliyeajiriwa benki hashtuki. Msusi anayelipwa kwa kichwa, hiyo ni kodi ya chumba kwa miezi mingi, au vifaa vya kuanzia saluni yake mwenyewe. Sisemi uziache zote. Nasema uzione zikiwa pamoja, maana sisi tulikuwa tunakuuzia moja moja.

Bibi zetu Uchagani walipika mbege ya ndizi na ulezi, wakauza wenyewe, na faida ikabaki mikononi mwao. Ya chupa ina njia nyingine. Kampuni ya bia ya TBL iko Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 1998, na gawio likitolewa, linakwenda kwa mwenye hisa, halimfikii aliyemaliza kreti. Mabinti zangu nyumbani huwa nawatania: kama mnaipenda hivyo, si mnunue hisa? Wananicheka, lakini mmoja alikwenda kuuliza kwa dalali.

Wateja niliowaona wametulia kimaisha walikuwa wanakunywa kama wengine. Tofauti ilikuwa siku ya kutoa pesa: ya mchezo wa kupokezana na ya kikoba ilitoka kwenye simu Ijumaa mchana, jua likiwaka. Waliopanga kuitoa Jumatatu ndio waliokuwa wakitafutana na wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu.

Pesa ikipungua, wengi huhamia pombe kali. Viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini hesabu iliyovifanya vipendwe haikufa: kulewa upesi kwa pesa kidogo. Konyagi ina kilevi asilimia 35. Chupa ndogo ya mililita 200 ina pombe yenyewe mililita 70. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Yaani hicho kinachoingia kwenye pochi ni karibu bia tatu. Tena mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito huohuo, kwa hiyo mkinywa sawasawa, yeye anachangamka na wewe umeshalewa. Ile michezo ya kushindana meza nzima achaneni nayo.

Nyinyi wahudumu nina neno lenu. Kuna matajiri wanaowaambia mtaishi kwa tipu na ofa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, malipo yakiwemo, na kima cha chini cha mshahara kinawahusu hata watu wa baa. Akigoma, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili hiyo. Ofa ukipewa, sema "niwekee kaunta", mkifunga ubadilishiwe pesa. Msione haya, bia hiyo ni yako. Anayezinywa zote ndiye anayepoteza hesabu ya meza, mteja anatoroka na bili, na shoti, ile pesa iliyopungua, inakatwa kwenye mshahara wake. Hiyo nimeishuhudia mno, tena kwa wasichana hodari kabisa.

Na kama kuna binti anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate kidogo, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuleta degedege, hata kuua. Nenda hospitali, sema ukweli wa unachokunywa na kiasi chake. Muhimbili wana wataalamu wa hayo, Dodoma kuna Mirembe, na hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Ukiogopa kwenda peke yako, mchukue mwenzako mmoja wa meza ileile.

Mama yenu,
wa grosari, Tabata