Asante dada wa siti ya dirishani

Dada yangu jina lako silijui ila tulikaa siti moja kwenye basi la Mbeya kuja Dar, likaharibika Mikumi tukakaa masaa karibu manne na mie nilikuwa nalia kimyakimya, natoka msibani, hukuniuliza kitu, ukafungua mkoba ukanipa kitabu ukasema soma mdogo wangu.

Aisee! Mapenzi ya Uingereza enzi za Regency, yaani ile 1811 mpaka 1820 mfalme George wa Tatu alipougua akili mwanae akamshikia madaraka, ila humu kuna na uchawi, watu wanaloga mchana jioni wanavaa glovu wanaenda dansi. Na jamani zile glovu, mkaka anamshika binti mkono mara moja tu bila glovu na mie huku moyo unanienda mbio kurasa kumi nzima.

Kilichonigusa zaidi ni mahari, kule enzi hizo ilitoka kwa mwanamke, na akishaolewa mali zake nyingi zilikuwa za mume, sasa yule binti hana hata senti ila uchawi ni wake mwenyewe na hakuna wa kumnyang'anya, hapo nililia tena ila kilio kingine kabisa.

Uliposhuka Morogoro ukakataa kukipokea, ukasema kimalize. Nimekimaliza mara 3 dada, asante sana sana, sasa anacho mdogo wangu wa mwisho na jana kanipigia saa sita usiku kafika pale kwenye barua.