Risala ya Mafundi na Wanagenzi wa Karakana ya Injini za Mashindano, Arusha, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa serikali ya mtaa,
Wazee wetu mafundi,
Wazazi na walezi wa wanagenzi,
Madereva na wasoma ramani mliofika,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutana hapa leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kuja mtaa wetu wa Unga Limited, kwenye karakana ambayo magari mawili yakiingia la tatu linabaki nje. Leo tunawaaga wanagenzi waliomaliza mafunzo. Wazee wameniagiza mimi, niliyefundishwa nao kuanzia kuosha nati, nisome risala hii kwa niaba ya wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, gereji za Arusha ni nyingi na tunaziheshimu. Kazi ya hapa ina tofauti. Hapa injini inaundwa upya kwa ajili ya gari moja, dereva mmoja na barabara atakazokimbia. Nyingi zinazopita mikononi mwetu ni za Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, kwa kuwa hayo ndiyo magari yaliyotawala rali za nchi yetu kwa miaka mingi. Zote ni za silinda nne, lita mbili, zenye tabo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Ya Subaru, EJ20, imelala, pistoni mbili upande huu na mbili upande ule. Ya Mitsubishi, 4G63, imesimama wima. Kila moja ina tabia zake, na wazee wetu wanazijua kama mzazi anavyojua watoto wake.

Watu huuliza: injini imetoka kiwandani Japani, fundi wa Arusha ataiongezea nini? Swali ni la haki. Kiwanda kinatoa injini kwa maelfu, kwa hiyo lazima kiruhusu tofauti ndogo kati ya kipande na kipande. Pistoni moja inazidi nyingine uzito kidogo, chemba moja ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ni kubwa kuliko jirani yake kidogo. Kwa gari la kwenda sokoni na kurudi, tofauti hizo hazina madhara. Kwa gari la mashindano, humo ndimo nguvu inamopotelea, na humo ndimo injini inamokatikia. Kazi ya wazee hawa ni kuzitafuta tofauti hizo moja baada ya nyingine na kuziondoa.

Tukuonyeshe kwa mfano. Pale kwenye meza ya dirishani kuna mizani ndogo. Fundi mkuu anapima pistoni zote nne na konrodi zake, vile vyuma vinavyoziunganisha na kranki, mhimili mkuu unaozunguka; anaandika kwa chaki, kisha ile nyepesi kuliko zote inakuwa kipimo. Nyingine zinapunguzwa kwa kusugua sehemu ambazo hazibebi mzigo mpaka zilingane nayo. Kijana mgeni akiona mzee anahangaika na gramu moja anadhani ni mazoea ya uzee. Lakini hesabu ipo. Pistoni ya EJ20 inasafiri milimita 75 kwenda na 75 kurudi. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, pistoni inasimama na kugeuka mara 14,000 katika dakika hiyo hiyo. Pale juu inapogeuka, gramu moja ya ziada inaivuta konrodi kwa nguvu inayopita uzito wa kilo mbili na nusu. Gramu tano zilizoachwa kwa uvivu ni zaidi ya kilo kumi na mbili zinazoirarua injini, duru baada ya duru, mpaka gari lifike mwisho au liishie njiani. Mzee wetu hakuwahi kufundishwa hesabu hiyo darasani. Alijifunza kwa kufungua injini zilizokatika na kuziangalia kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote.

Kazi ya hedi nayo tunaipenda kuieleza, kwa sababu wanagenzi waliosoma kemia hadi kidato cha nne wanaifurahia. Hedi inalazwa chali, valvu zikiwa zimeshasagwa na kufungwa. Juu ya chemba unabandikwa ubao wa plastiki angavu wenye tundu dogo, ukipakwa grisi pembeni usivuje. Kisha mafuta ya taa yanadondoshwa kutoka kwenye bureti, ile ile ya maabara ya shule, mpaka povu la mwisho la hewa litoke. Unasoma bureti, unaandika. Chemba nne, namba nne. Zisipolingana, silinda moja itabana mchanganyiko kuliko wenzake, na hiyo ndiyo itakayolipuka kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Basi mzee anachukua kijiwe cha kusugulia, anaondoa chuma kidogo mno, anapima tena. Anaweza kushinda hapo siku nzima bila kuzungumza, na wanagenzi wanajua wasimwite.

Ringi za pistoni, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda, hatuzifungi kama zilivyotoka kwenye boksi. Kila ringi inaingizwa kwenye silinda yake, inasukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, halafu mwanya kati ya ncha zake unapimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kwa silinda ya milimita 92 yenye tabo ya mashindano tunaacha kama nusu milimita. Mwanya ukiwa mdogo, ringi inavimba kwa joto, ncha zinagusana, na pistoni inavunjika ukingo. Ukiwa mkubwa mno, moto unapita chini na kuharibu oili. Ringi ya silinda ya kwanza haihamii ya pili hata kama zimetoka pakiti moja.

Mheshimiwa, injini ya mashindano ya nchi za wenzetu haiwezi kuletwa hapa ikafanya kazi vilevile. Adui wa kwanza ni vumbi. Ukienda Monduli wakati wa kiangazi utaliona limesimama hewani hata gari likiwa limeshapita. Vumbi hilo ni mchanga uliosagika. Likipata upenyo mdogo kati ya chujio la hewa na tabo, linakula mapanga ya tabo kwanza, halafu ringi, halafu kuta za silinda. Ndiyo maana mzee mmoja hapa kazi yake kubwa ni mabomba ya hewa na vibanio vyake, na hakuna injini inayotoka kabla hajapitisha vidole kwenye kila kiungio. Adui wa pili ni mwinuko. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, na msukumo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Tabo inajitahidi kufidia, lakini inalazimika kuzunguka zaidi na kuchemka zaidi. Injini iliyopangwa kwa ajili ya Bagamoyo ikiletwa huku lazima ipangwe upya.

Na kuna sheria. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa magari ya Kundi N, yaani ya kiwandani yasiyobadilishwa sana, yenye tabo zilitaka hewa yote inayoingia kwenye tabo ipite kwenye tundu la kipenyo cha milimita 32. Fundi asiyeelewa hukimbilia kuifanya injini izunguke juu zaidi, na hapati kitu kwa sababu hewa imeshakwisha pale kwenye tundu. Wazee wetu waliligundua hilo mapema wakaenda njia nyingine: injini ivute kwa nguvu ikiwa katikati ya mizunguko yake, pale dereva anapotoka kwenye kona ya matope. Madereva waliokaa hapa mbele ni mashahidi.

Ufundi huu haukuanza jana. Rali ya Safari ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Kwa mashindano ya aina hiyo, aliyeandaa gari alikuwa na kazi kubwa sawa na aliyeliendesha. Joginder Singh, Kalasinga aliyeitwa Simba wa Kenya, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alishinda mwaka 1965 na mdogo wake Jaswant wakiwa na Volvo PV544, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Na Tanzania hatukuwa watazamaji. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na msoma ramani wake Chris Rothwell, katika Peugeot 404. Inatusikitisha kwamba kijana wa leo anayeshabikia rali anataja madereva wa Ufini na Ufaransa bila kujua kwamba ubingwa wa Safari uliwahi kukaa Dar es Salaam miaka miwili. Fundi mkuu wetu alianza kazi akiwa tingo wa mafundi wa Kalasinga waliopitia enzi hizo. Walimpa spana kabla hawajampa mshahara. Alichotufundisha sisi ni kile walichomfundisha wao, pamoja na alichokigundua mwenyewe.

Tunaomba pia Mheshimiwa usiupime ufundi huu kwa ukubwa wa banda. Mwaka 1958 huko Uingereza, Mike Costin na Keith Duckworth walianzisha kampuni ndogo ya injini, Cosworth, jina walilolikata kutoka kwenye majina yao. Mwaka 1967 injini yao ya DFV ilishinda mbio zake za kwanza kabisa, pale Zandvoort, Uholanzi, Jim Clark akiwa usukani. Kufikia mwaka 1983 injini hiyo ilikuwa imeshinda mara 155 katika Formula One. Hata Safari ya mwaka 1972, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, Hannu Mikkola, alikuwa na Ford Escort yenye injini ya BDA iliyobuniwa na Cosworth hao hao. Hatujilinganishi nao kwa fedha wala mitambo. Tunasema tu kwamba mwanzo wao ulikuwa watu wachache wenye macho makali na mikono mitulivu, na watu wa namna hiyo tunao hapa.

Sasa Mheshimiwa, yapo yanayotuumiza.

La kwanza, na ndilo lililotufanya tukuombe uje, ni kwamba wazee hawa wanazeeka, na wanachokijua hakijaandikwa popote. Hawana cheti. Fundi anayeweza kugusa beringi ya kranki na kukuambia ilikosa oili wapi, akienda kuomba zabuni au mkopo anaulizwa karatasi. Tunajua VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza nje ya darasa, na tunaushukuru. Ombi letu ni kwamba mafundi wa injini za mashindano wapimwe kwenye meza ya kazi, kwa injini iliyofunguliwa, na wakishafaulu watumike kama wakufunzi na watahini. Mtu wa kumtahini fundi mkuu wetu katika kusawazisha hedi si rahisi kumpata. Yeye ndiye anayefaa kuwatahini wengine.

La pili ni vipimo. Maikromita zetu, vifaa vya kupimia unene, ni za zamani, zimetunzwa vizuri, lakini kipimo kinahitaji kuhakikiwa. Hapa Arusha tuna bahati: Chuo cha Ufundi Arusha kipo, na TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo, ipo. Tunaomba ofisi yako itusaidie kufungua mlango wa ushirikiano, ili vipimo vyetu vihakikiwe na wanafunzi wao waje hapa kwa mafunzo ya vitendo. Wanafunzi hao watapata kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyao, na wanagenzi wetu watapata hesabu na michoro ambayo wazee hawakuwahi kupewa.

La tatu ni mashine ya kusawazisha kranki. Kwa sasa kranki tunaisawazisha kwa njia za mkono zilizo polepole, na kazi nyingine tunazipeleka nje ya nchi, fedha ikienda pamoja nazo. Tumeanza kuchangishana wenyewe. Tunaomba utuunganishe na mikopo ya vikundi vya vijana inayotolewa na halmashauri, kwa kuwa wanagenzi wanaohitimu leo wamekwisha kuunda kikundi chao.

La nne ni spea bandia, na hapa tunasema kwa uchungu. Tulifungua injini iliyokata beringi katikati ya mbio, tukakuta beringi zenye jina la kiwanda maarufu cha Japani. Tulipoziweka chini ya maikromita, unene haukulingana hata moja na nyenzake. Kranki yote iliharibika. Duka lililoziuza si wakala wa kiwanda hicho, na sisi tuliofunga tulikuwa tumelipa bei ya kitu halisi. Kwenye rali dereva ana kofia na vyuma vya kumlinda. Beringi hizo hizo zikifungwa kwenye basi lililobeba abiria, hakuna cha kuwalinda. Tunaomba TBS, shirika la viwango, na Tume ya Ushindani waongezewe nguvu ya kufika kwenye maduka ya mikoani, na sisi tuko tayari kutoa fundi na kipimo chetu siku yoyote wakituhitaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wanagenzi wanaohitimu wako mstari wa mbele, wasichana na wavulana. Kila mmoja amefunga injini nzima kwa mkono wake, mzee akiwa amesimama nyuma bila kugusa. Injini hizo zimepangwa hapo ukutani, na baada ya risala hii tunakuomba uchague yoyote uiwashe mwenyewe. Aliyeifunga atasimama pembeni yako na kukueleza kila namba iliyoandikwa kwa chaki juu yake. Baada ya hapo tunakuomba uwakabidhi visanduku vyao vya spana.

Mheshimiwa, tunaomba kuwasilisha.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.