Zuhura, usishuke jukwaani

Mpendwa dada Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Copenhagen. Mimi mzima, baridi tu ndiyo imeshaanza kutuonea. Barua yako niliisomea ndani ya basi nikitoka kazini, nikapitiliza kituo changu bila kujua. Hilo la mwongozaji wa mchezo kukwambia kwamba miaka 34 ni mingi mno kumwigiza binti wa kisimani limenikwama kooni hadi leo. Ningekupigia simu ningesema kwa hasira, kwa hiyo naandika. Kuna mwanamke nataka umjue.

Anaitwa Johanne Luise Heiberg. Nilianza kwa kuiona sura yake kwenye noti ya zamani ya krone 200, ile ya kijani, ambayo mama mwenye nyumba wangu ameitunza kabatini. (Kwenye ya 50 alikuwa Karen Blixen, yule wa shamba la kahawa la Ngong.) Nikadhani ni malkia. Mama akaniambia hapana, huyo ni mwigizaji wa jukwaani. Zuhura, nilikukumbuka papo hapo.

Alizaliwa mjini humu mwaka 1812. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, mama Myahudi na baba Mkatoliki, watu wa kuuza vinywaji na kuishi kwa kuungaunga. Akiwa na miaka 8 akaingizwa shule ya dansi ya Jumba la Kifalme la Michezo ya Kuigiza. Mwaka 1828, hajatimiza hata miaka 16, akacheza Juliet, yule msichana mdogo wa mchezo wa Shakespeare. Mwaka huohuo akawa Agnete katika “Elverhøj”, mchezo ulioandikwa kwa ajili ya harusi ya kifalme. Aliyeuandika, Johan Ludvig Heiberg, ndiye aliyekuja kumwoa mwaka 1831, binti ana miaka 18 na bwana 39. Ya ndoa nayaacha, ni marefu.

Ninalotaka ulisikie ni la mwaka 1847. Alirudi kucheza Juliet yuleyule, miaka 19 baadaye. Alikuwa na miaka 34, umri wako kabisa! Na watazamaji wa mji huu walikuwa wamemshuhudia akikua mbele ya macho yao, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuhesabiwa miaka yake.

Mwaka uliofuata mwanafalsafa Søren Kierkegaard akaandika makala ya sehemu 4 katika gazeti la “Fædrelandet”. Alitumia jina la bandia, na mwigizaji hakumtaja jina hata mara moja, ila walioijua sanaa hiyo walimtambua. Nimeisoma polepole, kamusi mkononi. Anasema watu wakimshangilia msichana wa miaka 16, sehemu kubwa wanashangilia ujana wenyewe, na ujana huo hata yeye bado haujui. Akishapevuka, ndipo anaweza kuushika ujana kama kitu anachokifahamu, akamwigiza Juliet kwa ukamilifu ambao kigoli hawezi kuufikia. Miaka inachukua kile cha nje, halafu kile cha ndani kinaonekana waziwazi.

Kuna jambo jingine alilosema lililonifanya nifunge kitabu nikae kimya. Anasema macho ya watu wote ukumbini ni mzigo, na kwa mwigizaji wa kweli mzigo huo hugeuka wepesi. Unakumbuka ndoo yetu ya mazoezi kule Bagamoyo? Ilipokuwa tupu ulikuwa unayumba, mkono juu kuishikilia, sisi tunacheka. Siku ile mwalimu alipoijaza maji hadi ukingoni, shingo ikanyooka, mikono ikashuka, ukavuka jukwaa zima bila tone kumwagika. Hakuna aliyecheka tena. Nadhani ndicho alichokuwa anakisema mwanafalsafa huyu, na sisi tulikiona kwa macho yetu.

Johanne aliacha kuigiza mwaka 1864, akiwa mjane. Lakini jumba lile hakuliacha moja kwa moja. Kuanzia 1867 hadi 1874 alikuwa mwongozaji palepale alipoingia akiwa mtoto wa dansi. Hilo nalo liweke akilini, maana najua unavyowafundisha wale wadogo kusimama na kupumua kabla ya kutoa neno.

Sasa sikiliza, dada. Umeandika kwamba kikundi kile kingine kinatafuta mtu wa nafasi hiyohiyo na usaili ni wiki ya mwisho ya mwezi. Nenda. Usipunguze umri kwenye fomu, na usijitie sauti ya kitoto. Nenda na ndoo yako, na kabla ya kuitwa mwombe mtu akujazie maji.

Msalimie mama na watoto. Nitaisubiri barua yako.

Ni mimi nduguyo,
Rehema