Safari ya Jumamosi: mabadiliko kidogo

Habari za jioni wapendwa. Kronborg tumeiahirisha, pale ngomeni upepo wa bahari hauna huruma na watoto. Badala yake tunakwenda Hillerød, kwenye kasri la Frederiksborg, lile la mfalme Christian IV wa Denmark lililosimama juu ya visiwa vitatu ziwani.

1. Tukutane København H (stesheni kuu ya Copenhagen) saa 3 asubuhi (saa zetu jamani, msije alasiri!). Treni ni kama dakika 40.
2. Bustani ni bure. Mkaone vichaka vilivyokatwa vikawa herufi za majina ya wafalme. Anayetaka kuingia ndani ya kasri atajikatia tiketi.
3. Mchango wa chakula krone 60 kwa familia, mwisho Alhamisi. Maandazi nitaleta mimi. Chai ya tangawizi nani?

Tafadhali andika "Nipo" na idadi yenu kabla ya kesho usiku.