Kuhusu ile Reading ya IELTS (sehemu ya kusoma kwenye mtihani wa kiingereza)

Mambo vipi rafiki yangu,

Meseji yako nimeisoma, unasema kifungu unakielewa vizuri tu ila ukifika kwenye maswali unaanza kubabaika. Mi naona shida sio kiingereza chako, we unajibu kwa yale unayoyajua badala ya yale yaliyoandikwa pale.

Chukua yale maswali ya kweli, si kweli na haijatajwa, ndo yanaangusha watu kweli kweli. Tuseme kifungu kinasema daraja lilijengwa kwa mawe na likakamilika kabla ya vita. Ukiambiwa lilijengwa kwa mbao, hiyo si kweli, maana maandishi yanakataa. Ukiambiwa lilijengwa na wafungwa hiyo haijatajwa, hata kama unajua kabisa kwamba zamani wafungwa walijengeshwa madaraja, na hata kama moyoni unahisi ni uongo, we nionyeshe mstari. Ukikosa wa kuunga mkono na ukakosa wa kupinga, weka haijatajwa usonge mbele, usianze kutunga maelezo kichwani. Na haya maswali yanafuata mpangilio wa kifungu, kwa hiyo jibu la swali la pili usilitafute juu ya ulipopata la kwanza.

Yale ya kuchagua herufi nayo yana mtego wake, jibu lililobeba maneno yaleyale ya kifungu liogope kwanza, mara nyingi jibu sahihi limesema kitu kilekile kwa maneno mengine. Halafu angalia maneno kama wote, pekee, kamwe. Kifungu kikisema baadhi na jibu likasema wote, hapo washabadilisha maana, achana nalo.

Kuhusu muda, una dakika 60, maswali 40, vifungu vitatu, na hakuna dakika za ziada za kuhamishia majibu kama ule wa kusikiliza wa karatasi, kwa hiyo kama unafanya wa karatasi andika kwenye karatasi ya majibu moja kwa moja. Dakika 20 kila kifungu ni sawa ila mi ningebana cha kwanza nibakize za cha tatu, kile huwa kizito. Yale ya kuoanisha vichwa vya habari na aya yaache mwisho, ukishajibu mengine aya unakuwa ushazizoea. Kwenye yale ya kujaza, wakisema maneno yasizidi mawili, ukiandika matatu umekosa hata kama maana ni ileile. Na usiache swali wazi aisee, ukikosea hawakukati maksi.

Mdogo wako anayefanya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, mwambie kule ni tofauti kidogo, siku hizi ni kwenye kompyuta, vifungu vifupi na kila kimoja kina swali lake moja tu, ila kutafuta ushahidi kwenye maandishi ni kulekule.

Sasa fanya hivi, chukua kifungu kimoja leo, usijali saa, kila jibu andika pembeni umelitoa mstari wa ngapi, halafu nipigie picha unitumie. Yale uliyokosa tutayapitia pamoja moja moja.