Cheti kimerahisishwa, lakini mama muuza nyanya bado anapita njia za panya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie biashara ndogo za mpakani, ambazo kwa sehemu kubwa zimo mikononi mwa akina mama, na ambazo sisi wakazi wa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, tunaziona zikipitishwa vichochoroni ilhali kituo cha pamoja cha ukaguzi cha nchi hizo mbili kipo hatua chache tu kutoka hapo.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Kwa utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani, wala halipi ushuru wa forodha. Aidha, tangu kituo chetu kizinduliwe Desemba 2018, anayevuka hushughulikiwa mara moja tu, katika nchi anayoingia.

Kilichorahisishwa, hata hivyo, ni upande wa forodha peke yake. Mama aliyenunua matenga mawili ya nyanya Tengeru na kuyasafirisha zaidi ya kilomita 100 bado anatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea kama mwenye lori zima. Na mzigo ukiwa mahindi, Kenya hudai pia uthibitisho wa kiwango cha sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, sharti lililokazwa Machi 2021 baada ya zuio la siku chache. Wakati akizungushwa, nyanya za chini ya tenga zinaanza kutoa maji, na mnunuzi wa ng'ambo, ambaye analijua hilo fika, anashusha bei.

Ndipo anapoita bodaboda. Huko porini humlipa dereva na kijana wa kuonyesha njia, na akinyang'anywa mzigo hana risiti wala pa kushtaki. Na yale mengine wanayodaiwa akina mama ili waachiwe, tunayajua hata kama hatuyaandiki gazetini. Wapo wanaowaita wakwepa ushuru. Ushuru upi, kwa nyanya zisizotozwa?

Rai yangu kwa mamlaka za afya ya mimea za nchi zote mbili ni kwamba zitenge kiwango cha mzigo mdogo ambacho afisa atakikagua kwa macho na kukitolea kibali bila malipo, katika dirisha lile lile linalotoa cheti cha asili. Na ile orodha ya bidhaa ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, kwani kwa sasa anayeijua vizuri ni wakala, na wakala hasemi bure.

Msomaji wako,
Namanga, Longido